Je, Wajua? Benki Zilipokwama, Bunge Likaitwa

Je, wajua kuwa Septemba 14, 2007, Waingereza walijipanga foleni nje ya matawi ya benki ya Northern Rock kutoa akiba zao? Kizaazaa cha namna hiyo hakikuwa kimeonekana nchini humo tangu 1866, ilipoanguka benki ya Overend Gurney. Februari 2008 Serikali iliitaifisha benki hiyo, na muswada ukapita Bungeni na kusainiwa ndani ya siku tatu. Mbio hizo huzioni mjadala ukiwa wa mishahara ya walimu.

Je, wajua kuwa katika msukosuko wa fedha wa 2008 Waziri wa Fedha wa Marekani, Henry Paulson, aliomba dola bilioni 700 za kunusuru benki kwa rasimu ya kurasa tatu tu? Humo mlikuwa na kifungu kilichotaka maamuzi yake yasihojiwe na mahakama yoyote. Wabunge waling'aka, na wapiga kura wao pia, uchaguzi ukiwa umebaki wiki tano. Septemba 29, 2008, Baraza la Wawakilishi likaukataa muswada kwa kura 228 dhidi ya 205. Soko la hisa la New York lilishaanza kuporomoka kura zikiendelea kupigwa, na kufikia jioni kipimo cha Dow Jones kilikuwa kimeshuka pointi 777.

Siku nne baadaye Baraza lilelile liliupitisha, 263 kwa 171. Kilichowageuza kilikuwa hofu ya soko, na pia vionjo vilivyoongezwa Seneti. Kinga ya amana ilipanda kutoka dola 100,000 hadi 250,000, na hilo lilikuwa jambo la maana. Lakini sheria hiyohiyo ya kuokoa mabenki ilibeba pia nafuu ya kodi kwa wenye viwanja vya mbio za magari, kwa watengenezaji wa pombe ya rum wa Puerto Rico, na kwa watengenezaji wa mishale ya mbao ya watoto. Ndiyo, mishale.

Je, wajua kuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza, Alistair Darling, alikuwa mkutanoni Luxembourg Oktoba 7, 2008, alipopigiwa simu na mwenyekiti wa benki ya Royal Bank of Scotland (RBS)? Darling alisimulia baadaye kwamba aliuliza benki ingehimili kwa muda gani, akajibiwa kuwa ni saa chache tu. Wiki iliyofuata Serikali ikatangaza pauni bilioni 37 za kununua hisa katika RBS, HBOS na Lloyds TSB. Pauni bilioni 20 kati ya hizo zilikuwa za RBS peke yake.

Hizo ndizo pesa ambazo wabunge waliambiwa. Benki Kuu ya Uingereza ilizikopesha RBS na HBOS pesa nyingine kimyakimya, zikafikia pauni bilioni 61.6 kwa pamoja. Umma ulikuja kujua Novemba 2009, mwaka mzima tangu mikopo hiyo ianze. Walioitetea siri hiyo walisema kama ingevuja, wenye amana wangekimbilia milangoni. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, katika mwaka huo wote wabunge walijadili kodi na matumizi pasipo kuijua hesabu nzima.

Je, wajua kuwa Desemba 10, 2008, Waziri Mkuu Gordon Brown aliteleza ulimi Bungeni akasema wameokoa dunia, kabla ya kujisahihisha kuwa ni benki? Upinzani uliangua kicheko, na maneno hayo yamo katika kumbukumbu rasmi za Bunge hadi leo.

Kwenye kodi ndiko vita vilikowaka. Kuanzia Desemba 1, 2008, Uingereza iliishusha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kutoka asilimia 17.5 hadi 15 kwa miezi 13 ili watu wanunue. Bidhaa ya pauni 117.50 ikawa 115. Kwa mnywaji na mvutaji hapakuwa na sherehe, maana ushuru wa pombe, sigara na mafuta ulipandishwa kufidia. Upinzani ulidai kuwa nafuu hiyo ni mkopo utakaolipwa kwa kodi kubwa zaidi kesho. Kenya ilitumia dawa hiyohiyo Aprili 2020 wakati wa Korona: VAT ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha Januari 2021 ikarudi palepale.

Je, wajua kuwa Desemba 2009 Darling alitoza asilimia 50 kwa bonasi za benki zinazozidi pauni 25,000? Mlipaji alikuwa benki, si mpokea bonasi. Hazina ilitarajia takriban pauni milioni 550, ikidhani mabenki yangezipunguza bonasi. Hayakupunguza vya kutosha. Serikali ikavuna zaidi ya pauni bilioni 2.

Je, wajua kuna bunge lililokataa mpango wa kuokoa benki bila mbunge hata mmoja kuuunga mkono? Ni la Cyprus, Machi 19, 2013. Pendekezo lilikuwa kukata asilimia 6.75 ya amana za kati ya euro 20,000 na 100,000, na asilimia 9.9 ya zile za zaidi ya hapo. Kura za ndiyo zilikuwa sifuri, za hapana 36, na 19 hawakuegemea upande wowote. Mpango uliofuata haukugusa amana za chini ya euro 100,000. Wenye akiba kubwa katika benki mbili kuu ndio waliobeba mzigo. Kwa hiyo anayedhani kura ya hapana haina faida, amuulize mwenye akiba ndogo wa Nicosia.

Na je, wajua hesabu ya RBS ilifungwa lini? Mei 30, 2025, Serikali ya Uingereza ilipouza hisa zake za mwisho katika benki hiyo, ambayo sasa inaitwa NatWest. Ilikuwa imeweka humo jumla ya pauni bilioni 45.5, na ikapata hasara ya takriban bilioni 10. Kiwango cha kawaida cha VAT ya Uingereza nacho kilipandishwa hadi asilimia 20 Januari 4, 2011, na hakijashushwa tangu hapo.