Mazuku: ni nani anayeua bila kugusa mtu?

Wakaaji wa Goma na Sake wanaijua habari hii. Asubuhi mbuzi anakutwa amekufa bondeni, hana jeraha. Siku nyingine ni mtoto aliyetumwa kutafuta kuni. Kabla ya maziko, jina la mama mzee fulani limekwisha kutajwa: mlozi ni yeye. Hata sisi waombaji tumelitaja, tusikatae.

Basi mazuku ni gesi ya kaboni, ile inayotoka hata kinywani mwetu tunapopumua. Inapanda toka chini ya ardhi kwa nyufa za mawe ya volkano. Haionekani. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mahali pa chini kama maji katika bakuli, zaidi usiku na alfajiri upepo ukitulia. Ndiyo sababu mtu mzima aliyesimama anaweza kupona, na mtoto kando yake akaanguka. Anayeinama kumwinua anaanguka naye.

Kule Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, gesi hiyohiyo ilitoka ghafula katika ziwa Nyos, ikaua watu zaidi ya 1,700 pamoja na ng'ombe wao. Huko pia wengine walisema ni mizimu, mpaka wataalamu walipopima maji. Ziwa letu Kivu nalo limeibeba kwa wingi vilindini.

Mkiona ndege au panya wamekufa shimoni, msishuke. Waiteni watoto, mpite juu.