Wi-Fi ya Nyumbani: Kasi na Usalama Wake

Wazazi wengi hutulalamikia kwamba mtoto akitaka kudurusu kwa intaneti hulazimika kukaa ukumbini karibu na ruta, katikati ya kelele, kwani chumbani haishiki. Katika nyumba za mawe sababu ni kuta. Mawimbi ya GHz 5 yana kasi lakini hayapenyi vyema ukuta mnene. Ya GHz 2.4 hupenya zaidi, ila kasi yake ni ndogo.

Dawa ni meshi, yaani vituo viwili au vitatu vinavyopokezana mawimbi kwa jina moja. Hapa wengi hukosea, na sisi tulikosea vilevile: kituo cha pili tulikiweka kulekule chumbani mawimbi yasikofika, kikawa hakina cha kupokea! Kiwekwe katikati ya njia, au bora zaidi kiungwe na ruta kwa waya. Bila waya, vituo huzungumza vyenyewe kwa hewa ileile mnayoitumia, na kasi yaweza kushuka hata nusu.

Ama usalama, chagueni WPA3, iliyotoka mwaka 2018. Vifaa vya zamani visipoikubali, basi WPA2. WEP iacheni kabisa, ilivunjwa tangu 2001. Badilisheni pia neno la siri la kuingilia ruta yenyewe, si la Wi-Fi tu. Wageni wafungulieni mtandao wao wa pembeni, kwani neno la siri akipewa mtoto mmoja wa jirani, kesho mtaa mzima unalo. Na programu ya ruta isasishwe: mwaka 2017 WPA2 yenyewe iligunduliwa kasoro, na tundu hilo huzibwa kwa kusasisha.