Je, Wajua? Tetemeko Moja, Mitikisiko Mbalimbali

Je, wajua kuwa tetemeko la Kagera la Jumamosi, Septemba 10, 2016, lilikuwa na ukubwa mmoja tu, 5.9, lakini kila kijiji kilitikiswa kivyake? Namba hiyo hupima nguvu iliyofyatuka huko chini, kilomita 40 hivi ardhini. Kilichokufikia Kayanga au Murongo kilitegemea umbali, na pia udongo ulio chini ya msingi wako.

Je, wajua kuwa mawimbi ya tetemeko hukimbia ndani ya mwamba, yakaingia kwenye udongo laini na kupunguza mwendo? Mwendo ukipungua, mtikisiko hukua.

Wajua kuwa wanajiolojia wameyapa mawe ya kale ya huku Kagera jina la Karagwe-Ankole? Yana zaidi ya miaka bilioni 1, na ndimo lilimo bati la Kyerwa. Sifa nzuri, ila kibanja chako huenda kimekaa juu ya udongo mwekundu uliotokana na mawe hayo kuoza, au juu ya tope la bonde la Mto Kagera.

Je, wajua kuwa udongo una mdundo wake? Zidisha unene wake kwa 4, gawanya kwa kasi ya mawimbi ya mtikiso wa kando. Udongo wa mita 5 wenye kasi ya mita 200 kwa sekunde huyumba kila sekunde 0.1. Nyumba ya chini isiyo na ghorofa nayo huyumba karibu na hapo! Midundo ikilingana, kuta huumia. Kwa hiyo usidhani udongo mwembamba juu ya mwamba ni salama.

Katika tetemeko la Mexico City la 1985 ilikuwa kinyume: tope nene la ziwa la kale, kitovu zaidi ya kilomita 350 mbali, na yaliyoumia zaidi ni majengo ya ghorofa 6 hadi 15.

Je, wajua kuwa mchanga uliolowa maji ukitikiswa sana hugeuka uji? Na kwamba vilele vya vilima navyo huweza kutikisika zaidi kuliko miguu yake?

Je, wajua unene wa udongo hupimwa kwa nyundo? Wataalamu hugonga bamba la chuma, kisha vipokezi vilivyopangwa mstari husikiliza mawimbi yanavyosafiri.

Na hili muulize fundi kabla hajaanza: mteremkoni, nusu ya nyumba ikikaa kwenye ardhi iliyochimbwa na nusu kwenye kifusi, ufa huanzia pale zinapokutana.