Mzazi wa Kujitolea na Vyeti Vitatu

Mzazi aliyehamia jimbo la Pennsylvania katika Marekani, akamtia mwanawe shuleni, kisha akaombwa na mwalimu afuatane na darasa kwenda kutazama makumbusho, aghalabu hustaajabu kuambiwa kwamba kabla hajapanda basi la wanafunzi imempasa kuleta vyeti vya kuthibitisha kuwa hana jinai na kwamba hakupata kumdhulumu mtoto. Mtu aliyelea wanawe na wana wa ndugu zake, tena akatoka mahali ambapo mtoto wa jirani hupewa chakula na kukanywa bila ya yeyote kuomba idhini, huona kuwa ametiwa shubha mbele ya mwanawe mwenyewe, na wengine hukataa kwa hasira wasionekane tena katika uwanja wa shule. Maudhi hayo hayakosi sababu. Walakini sheria hii ina asili yake na ina mipaka yake, na asiyeyajua hayo, sheria haiwezi kumsaidia wala hawezi kuipima kwa insafu. Na kwa kuwa katika miji ya Lancaster, Erie na Pittsburgh wamekaa Wakongo wengi wasemao Kiswahili, ambao mzigo wa sheria hii huwaelemea kuliko wenyeji, nimeona inafaa kueleza habari yake kwa taratibu.

Asili yenyewe ni maafa yaliyodhihirika mwezi wa Novemba 2011, pale Jerry Sandusky, aliyekuwa msaidizi wa kocha wa kandanda ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Penn State mpaka 1999, aliposhtakiwa kwa kuwanajisi wavulana kwa muda wa miaka mingi. Watoto hao aliwapata kwa njia ya The Second Mile, jumuiya ya hisani aliyoiasisi mwenyewe mwaka 1977 kwa ajili ya kuwasaidia watoto wenye dhiki. Juni 2012 alitiwa hatiani kwa makosa 45, na Oktoba akahukumiwa kifungo cha miaka isiyopungua 30 wala isiyozidi 60. Bunge la jimbo likaunda tume ya kuchungua sheria za kuwalinda watoto, tume ikatoa taarifa yake mwishoni mwa 2012, na katika miaka miwili iliyofuata zikapitishwa sheria zaidi ya 20. Moja ya hizo ni Sheria ya 153 ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika tarehe 31 Desemba mwaka huo, ambayo iliwaingiza watu wa kujitolea katika wajibu wa kuleta vyeti.

Ghasia ikazuka mara moja. Makanisa, vilabu vya michezo na shule havikujua ni nani hasa aliyekusudiwa: je, bibi anayeleta keki darasani naye aandikiwe cheti? Basi bunge likarudi katika jambo lile lile, na tarehe 1 Julai 2015 Gavana Tom Wolf akatia sahihi Sheria ya 15, iliyobainisha maneno yaliyokuwa yametatiza na kurefusha muda wa cheti kutoka miezi 36 hadi miezi 60. Kwa hiyo anayetaka kuifahamu sheria kama ilivyo sasa na azisome zote mbili kwa pamoja, kwa maana ya kwanza bila ya pili humtisha mtu bure.

Ama swali la nani anapaswa, jawabu lake limo katika masharti mawili ambayo lazima yakutane. La kwanza ni kwamba mtu awe na dhamana ya kuwatunza watoto, au kuwasimamia, au kuwaongoza, au kuwatawala. La pili ni kwamba mkutano wake na watoto uwe wa kawaida na wa kurudiwa, nao uwe ndio kiini cha kazi aliyojitolea. Mzazi anayekuja kuutazama mchezo wa kuigiza wa mwanawe, au kula naye chakula cha mchana siku moja, hana dhamana yoyote, naye ni mgeni tu. Mzazi anayekuja kila Jumatano kuwafundisha watoto wanne kusoma katika chumba cha pembeni ameingia ndani ya sheria bila ya shaka. Baina ya hao wawili pana watu wengi, na hapo ndipo wilaya za shule zinapohitilafiana, maadam sheria imeweka kiwango cha chini tu na kila halmashauri ina ruhusa ya kukaza zaidi. Nyingi zimekaza, wala sizilaumu sana, kwa sababu karani wa shule hana wakati wa kupima kila mzazi kwa mizani ya mawakili, na kumtaka kila mtu alete vyeti ni wepesi kwake. Ila wepesi wa karani haufai kuitwa amri ya sheria, na mzazi ana haki ya kuuliza kwa staha kama analotakiwa limeamriwa na jimbo au limetungwa na wilaya.

Vyeti vyenyewe ni vitatu. Cha kwanza hutolewa na polisi wa jimbo, nacho hueleza kama mtu amepata kuwa na rekodi ya jinai katika Pennsylvania. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hakioni kigeni, kwa kuwa anakijua cheti cha tabia njema, ingawa huku kwetu aghalabu huombwa na mtafuta kazi au msafiri, si mzazi anayetaka kuwasomea watoto hadithi. Huombwa kwa njia ya intaneti, na asiye na rekodi mara nyingi hupata jibu papo hapo.

Cha pili ndicho kinachohitaji maelezo marefu, kwa sababu hakina mfano wake katika desturi zetu. Pennsylvania ina daftari kuu la watu walioonekana kuwa wamewadhulumu watoto, linalosimamiwa na Idara ya Huduma za Jamii kwa ofisi iitwayo ChildLine, na daftari hilo si daftari la waliohukumiwa na mahakama peke yao. Taarifa inapofika kwamba mtoto ameumizwa, watumishi wa ustawi wa jamii wa kaunti huchunguza, na uchunguzi wao huweza kuishia katika mojawapo ya hali tatu: ama taarifa haikupata msingi, ama imeungwa na dalili za kutosha kwa rai ya wachunguzi, ama imethibitishwa kwa hukumu ya mahakama. Mtu wa hali ya pili hakupata kusimama kizimbani, wala hakimu hakumsikiliza, ilhali jina lake limeandikwa, na siku atakapoomba cheti cha kujitolea jambo hilo litajitokeza. Kwa hakika sheria humkataza kabisa yule wa hali ya tatu tu, ambaye tendo lake lilithibitishwa katika miaka mitano iliyopita. Lakini ni shule ngapi zitakazompokea wa hali ya pili baada ya kuisoma karatasi yake?

Hapa nasema wazi na wazee wenzangu. Sheria ya Pennsylvania haikumwondolea mzazi haki ya kumrudi mwanawe kwa kiasi, lakini imefafanua jeraha la mwili kuwa ni pamoja na maumivu makubwa, si kuvunjika mfupa peke yake. Na fimbo ambayo kwa baba aliyekulia Kivu, huko Kongo, ni malezi ya kawaida huweza kuacha alama ambayo mwalimu, kwa kuwa amelazimishwa na sheria, hawezi kunyamaza asiipeleke ChildLine. Anayepokea barua ya kumjulisha kwamba taarifa juu yake imeonekana kuwa na dalili asiiweke juu ya kabati kwa kuwa imeandikwa Kiingereza asichokielewa. Ana siku 90 tangu tarehe ya barua kuomba ifanyiwe marejeo au isikilizwe rufani yake. Zikipita siku hizo, kulitoa jina daftarini ni kazi ngumu mno.

Fomu ya cheti hiki nayo ina taklifu yake. Humtaka mwombaji aandike mahali pote alipokaa tangu 1975, na majina ya watu wote aliokaa nao nyumba moja tangu mwaka huo. Mwenyeji aliyezaliwa Lancaster akaolewa Lancaster huandika mistari michache akamaliza. Ama mama aliyezaliwa Uvira, akakimbia vita mwaka 1996, akakaa kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma miaka 20 katika nyumba za udongo ambamo waliingia na kutoka shangazi, wajomba, yatima na wapita njia, ataandika nini? Nyarugusu ina kanda na vijiji, haina majina ya barabara. Shauri langu ni kwamba aandike kwa ukweli kadiri anavyokumbuka, aitaje kambi kwa jina lake, wilaya yake na nchi yake, awataje jamaa aliowakumbuka pamoja na nasaba yao kwake, na asibuni anwani ili kuupendeza mstari mtupu. Kwa sababu mwombaji hutia sahihi yake kwamba aliyoyaeleza ni kweli. Idara imewekewa siku 14 za kujibu, na fomu yenye mapengo yasiyoelezwa hurudishwa, siku zikaanza kuhesabiwa upya.

Cheti cha tatu ni cha alama za vidole, kinachotokana na daftari za FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, ambazo hukusanya habari za majimbo yote. Mtu wa kujitolea husamehewa cheti hiki ikiwa amekaa Pennsylvania miaka 10 mfululizo iliyopita, na badala yake hutia sahihi tamko kwamba hana kosa linalomzuia. Muradi wake ni dhahiri: aliyekaa jimboni muda huo rekodi yake imo kwa polisi wa jimbo, na aliyekuja karibuni huenda akawa na mambo aliyoyaacha Ohio au New York. Lakini tazama jinsi sharti hilo linavyowaangukia watu. Mkimbizi hakutoka Ohio. Vidole vyake vilipigwa chapa kambini, vikapigwa tena mbele ya maofisa wa Marekani kabla hajaingia katika ndege, na sasa hutakiwa vipigwe mara nyingine ili atafutwe katika madaftari ya nchi ambayo hakuwa na mguu ndani yake. Na yaliyotendeka Bukavu au Kigoma, yawe mema au maovu, hayamo humo abadan. Fauka ya hayo, vyeti viwili vya kwanza viliondolewa ada kwa watu wa kujitolea tangu Julai 2015, ila cha vidole hakikuondolewa, kwa hiyo aliye mgeni na maskini zaidi ndiye anayelipa. Sioni insafu katika hilo, na wilaya zenye wakimbizi zingefanya jambo la murua kuilipa ada hiyo kwa fedha zao.

Hata hivyo pana nafuu ambayo wengi hawaijui. Mtu ambaye hajatimiza miaka 10, lakini alikwisha kupata cheti cha vidole wakati wowote tangu alipofanya maskani yake Pennsylvania, huweza kuonyesha nakala ya kile kile cha zamani, wala sheria haimlazimishi kutafuta kingine. Kwa hiyo karatasi hiyo itunzwe kama itunzwavyo hati ya kuzaliwa. Tena anapokwenda kupigwa chapa atumie namba ya huduma ya watu wa kujitolea, si ile ya walimu walioajiriwa, kwa kuwa namba hizo hutofautiana na majibu yake hupita njia mbalimbali. Na vyeti vilivyotolewa bila ada havifai kuombea kazi ya mshahara, bali hufaa kwa kujitolea mahali pengine kabla ya miezi 60 kwisha: shuleni, kanisani, msikitini au katika timu ya mpira ya watoto.

Sasa nije katika jambo ambalo wanaoisifu sheria hii hulipita haraka. Sandusky mwenyewe, aliyekuwa sababu ya yote haya, lau angeombwa vyeti hivi vitatu mwaka 2008, angeviwasilisha vyote vikiwa safi. Hakuwa na hukumu yoyote. Mwaka 1998 mama mmoja alilalamika, uchunguzi ukafanywa, na ukafungwa bila ya mashtaka. Cheti husoma yaliyoandikwa, na madhalimu wengi wa watoto hawajaandikwa popote, kwa sababu mtoto huogopa, na wakubwa humstahi mwenye jina. Kwa hiyo shule inayokusanya vyeti ikavifungia kabatini, kisha ikamwacha mtu mzima mmoja na mtoto mmoja katika chumba kilichofungwa mlango, imetimiza sheria na haikumlinda mtoto. Kinga yenye nguvu zaidi ni kanuni ya wakubwa wawili, mlango ulio wazi, na desturi ya kumsikiliza mtoto asemapo kuwa hampendi mtu fulani. Na hayo hayahitaji ada wala alama ya kidole.

Je, basi vyeti havina faida? Vina faida, nayo ni ya kumzuia yule aliyekwisha kuhukumiwa kwa kuua, kunajisi, kuteka nyara, kumhatarisha mtoto na mfano wa hayo, au kwa kosa kubwa la dawa za kulevya katika miaka mitano iliyopita, asihamie mtaa mwingine akajifanya mwema mahali asipojulikana. Katika mji ambao watu hawakuzaliwa pamoja wala hawajui wazazi wa wenzao, karatasi hufanya kazi ambayo kijijini hufanywa na kumbukumbu za wazee. Aliyepokewa naye ana wajibu: akikamatwa au kuhukumiwa kwa kosa lililotajwa katika sheria, au jina lake likiingia katika daftari la ChildLine, huwajibika kuiarifu shule kwa maandishi kabla ya saa 72 kupita, na kukusudia kulificha jambo hilo ni kosa lenye adhabu.

Mzazi mwenzangu, usikatae kujitolea kwa sababu ya karatasi hizi, wala usizidhani kuwa ni matusi juu yako. Omba mwezi wa Julai, kabla ya shule kufunguliwa. Anza na cheti cha ChildLine kwa kuwa ndicho kinachochelewa. Chukua nakala ya kila kitu. Na ninyi walimu wakuu wa shule ambazo watoto wake husema Kiswahili nyumbani, wekeni mtu mmoja anayekijua, jioni moja katika mwezi wa Agosti, akae na wazazi waliotoka kambi za Nyarugusu na Kakuma awasaidie kuijaza ile fomu ya tangu 1975.