Kwa Nini Nyuki Huhama Mzinga?

Ng'ombe hutiwa zizini na kuku hufungiwa bandani, lakini nyuki hafungwi. Akichukizwa na nyumba yake huruka pamoja na wenziwe wote, na mwenye mzinga huachiwa masega matupu. Nyuki wa Afrika ya Mashariki ni wepesi wa kuhama kupita nyuki wa Ulaya. Kwa hiyo twapenda kueleza sababu za kuhama kwao, na jinsi ya kuwazuia.

Sababu ya kwanza ni adui. Siafu huingia mzingani wakala asali na majana, yaani watoto wa nyuki. Basi yafaa mzinga utundikwe kwa waya katikati ya nguzo mbili, wala usiguswe na tawi lo lote. Waya upakwe oili chafu mara kwa mara, na majani yaliyo chini yafyekwe, maana ndiyo ngazi ya siafu.

Adui mwingine ni nondo wa nta. Hutaga mayai mzingani, na funza wake hutoboa masega na kuacha utando kama wa buibui. Lakini nondo hawezi kulishinda kundi lenye nguvu. Hulishinda kundi dogo lenye masega mengi yasiyo na walinzi. Ondoeni masega meusi ya zamani mkayayeyushe mpate nta, wala msiyatupe karibu na mzinga.

Sababu ya pili ni jua na kiu. Wekeni mzinga kivulini, na karibu yake chombo cha maji chenye vijiti, ili nyuki wapate mahali pa kutua wasizame.

Sababu ya tatu ni mrinaji mwenyewe. Wako wanaorina kwa mwenge wa moto, wakaua nyuki wengi na kukata masega yote pamoja na majana. Nyuki mtendakazi huchukua yapata majuma matatu tangu yai hata kutoka katika kitundu chake. Basi akataye majana leo amepoteza watendakazi wa majuma matatu yajayo, na kundi lililobaki halina nguvu ya kumfukuza nondo. Tumieni moshi tu, wakati wa jioni. Kateni masega ya asali yaliyofunikwa kwa nta, kwa kuwa asali isiyofunikwa ina maji mengi nayo huchacha upesi. Masega yenye majana yaacheni, na asali kiasi pia, iwe akiba ya nyuki wakati wa ukame.

Mwisho, kumbukeni jirani. Nyuki wetu ni wakali. Mzinga usiwe karibu na njia, wala na mahali pachezapo watoto, wala na mbuzi aliyefungwa kamba, kwa sababu mnyama huyo hawezi kukimbia. Pandeni ua mrefu wa miti mbele ya mzinga, ili nyuki watokapo wapae juu ya vichwa vya watu.