Je, Wajua? Malaria ya Turkana na Hesabu ya Kodoni

JE, WAJUA kwamba sampuli za damu zilizochukuliwa Turkana mwaka 2019 zilikutwa na Plasmodium vivax, kimelea cha malaria kinachojulikana zaidi ng'ambo ya mpaka, Ethiopia? Kenya tumezoea Plasmodium falciparum, na hata vipimo vyetu vimezoea hivyo. Kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya HRP2 peke yake hakiwezi kuiona vivax, kwa sababu vivax haitengenezi protini hiyo. Mgonjwa wa Kakuma au Lodwar anaweza kuambiwa hana malaria, naye anayo.

JE, WAJUA kwamba vimelea hivi viwili, japo ni ndugu, vina mazoea tofauti ya kuandika jeni? Herufi za DNA ni nne: A, T, G na C. Kila herufi tatu ni kodoni moja, na kodoni 61 zinagawana asidi amino 20, kwa hiyo asidi nyingi zina kodoni zaidi ya moja. Asparajini, kwa mfano, huagizwa na AAT au AAC. Jenomu ya falciparum, iliyochapishwa mwaka 2002, ni A na T kwa takriban asilimia 80, na kimelea hicho hukimbilia AAT. Ya vivax, ya mwaka 2008, haifiki asilimia 60.

JE, WAJUA kwamba upendeleo huo unaweza kuupima kwa kalamu na karatasi? Chukua jeni yenye asparajini 50, tuseme AAT mara 40 na AAC mara 10. Pasingekuwa na upendeleo, kila moja ingetokea mara 25. Gawanya 40 kwa 25, unapata 1.6, gawanya 10 kwa 25, unapata 0.4. Jibu likiwa 1, hakuna iliyopendelewa. Kwa jeni nzima kuna kipimo cha Frank Wright cha mwaka 1990: 20 maana yake kila asidi ina kodoni moja tu inayotumika, 61 maana yake zote zinatumika sawasawa. Lakini jeni fupi hudanganya sana. Asparajini tatu zikiandikwa zote kwa AAT, hiyo si ithibati ya lolote. Tena kwa falciparum ni lazima kwanza kuuliza kama ni upendeleo wa kodoni hasa, au ni wingi wa A na T uliotapakaa jenomu yote.

JE, WAJUA kwamba watafiti wa chanjo huitegemea hesabu hii? Asidi iitwayo ajinini, falciparum huiandika mara nyingi kwa AGA. Bakteria Escherichia coli, anayetumiwa maabara kuzalisha protini, hutumia AGA kwa nadra, hivyo jeni ya malaria ikiingizwa humo ilivyo, uzalishaji huweza kukwama njiani. Basi watafiti huiandika upya, AGA ikawa CGT, na ajinini hubaki ajinini.