Kamina: Polio hukata njia, ubongo bado unaamuru

Mtoto aliyeshikwa na polio mjini Kamina hajapoteza nia ya kutembea. Virusi huua neva za uti wa mgongo zinazopeleka amri kwenye misuli: ubongo unaamuru, mguu hausikii. Haut-Lomami inalijua jambo hili vizuri. Mlipuko wa 2017 ulipiga jimbo hili, na Februari 2018 serikali ya Congo ikatangaza polio kuwa dharura ya afya.

Huko Marekani, amri za aina hiyo sasa zinasomwa kichwani. Januari 2024 kampuni ya Neuralink ilimpandikizia Noland Arbaugh, aliyepooza kuanzia mabegani, chipu yenye elektrodi 1,024. Anasogeza mshale wa kompyuta kwa kuwaza tu, hata anacheza sataranji. Wiki chache baadaye nyuzi kadhaa zilichomoka ubongoni, ikabidi programu irekebishwe.

Lakini chipu hiyo haiamshi mguu. Na wengi walioachwa vilema na polio mikono yao ni mizima. Velo ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mkono inawafikisha sokoni leo. Anayeihitaji chipu ni yule aliyeanguka kutoka juu ya lori akavunjika shingo, ambaye hata simu ni lazima ashikiwe na mtoto wake.